Nchi Isiyozaa Njiti

Si zamani wala si kale, na waliokuwapo bado wapo. Nchi yenyewe siitaji, kwa kuwa ipo sheria inayokataza kuitaja kwa nia mbaya, na nia ya mtu anaijua Mungu peke yake. Itoshe kwamba ina bendera, ina wimbo, ina hospitali moja kubwa, na ndani ya hospitali hiyo pana wodi ya watoto njiti, wale wanaotoka tumboni kabla ya siku zao. Mashuka ya wodi hiyo nimeyafua mimi miaka kumi na sita, tangu mwaka aliofariki mume wangu, Mungu amrehemu. Mfuaji mashuka huona mengi, na hakuna anayemuuliza kitu.

Anayetutawala huitwa Mtimilifu. Jina hilo alipewa na Bunge siku mama yake mzazi alipoapa mbele ya kamati kwamba alimbeba miezi tisa kamili, haikupungua hata saa moja. Bibi wa watu aliapa akiwa na bandeji kichwani na mkono umefungwa kitambaa. Alieleza mwenyewe kwamba aligonga mlango, na kamati ikamshukuru kwa kuja haraka.

Basi mwaka mmoja walikuja wageni na ripoti. Walisema katika kila watoto kumi wanaozaliwa kwetu, mmoja ni njiti, na kwamba wapo tayari kutufundisha kuwapima njiti macho, maana siku hizi wengi wanaokolewa roho halafu wanapofuka. Mtimilifu alisoma ukurasa wa kwanza tu. Wanaomjua wanasema alinyanyua uso, akauliza nani amewaruhusu hao watoto kutoka. Waziri wa Afya alijaribu kusema ni kazi ya Mungu, akaondolewa mezani kwa kuburutwa miguu, na kikao kikaendelea vizuri.

Ndani ya wiki tukapata Sheria ya Miezi Tisa. Ilikuwa fupi, hata sisi wa darasa la saba tuliielewa. Ilisema katika nchi hii hakuna anayezaliwa kabla ya miezi tisa. Ilisema atakayetoka kabla ya hapo atahesabiwa bado yumo ndani, mpaka siku zake zitimie. Na ilisema kilichomo ndani ya mama ni mama. Ikaundwa Wizara ya Siku kuhesabu, na Kikosi cha Subira chenye virungu vya mpingo kusaidia hesabu pale zinapokataa kutoka.

Mwezi ule ule njiti wakaisha nchini. Magazeti yalishangilia. Wodini kwetu walikuwapo thelathini na wanane.

*

Hadia alifika getini Alhamisi, saa nne ya asubuhi, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Alikuwa fundi cherehani, binti wa miaka ishirini na mitatu, mwembamba, na kamba ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Uchungu ulimkuta kwenye mashine.

Getini alikuwapo Afande Chubwa wa Kikosi cha Subira, mtu mnene, mpole wa sauti. Alichukua kadi ya kliniki, akahesabu kwa vidole, akamwambia amebakiwa na wiki tisa, arudi nyumbani akazimalize. Hadia akasema mtoto anakuja. Afande akamwambia sheria imekataa. Hadia akapiga hatua moja kwenda mbele, na Afande akampiga rungu la goti, halafu la goti lingine, akimsihi kwa ustaarabu kabisa abane miguu kwa ajili ya taifa.

Mtoto hakuwa amesoma sheria. Alitokea pale pale, juu ya benchi la walinzi. Mimi nilikuwa napita na kapu la mashuka, nikamdaka kwa shuka safi. Alikuwa msichana, uzito wake haukufika kilo moja na robo, kichwa chake kingeenea kwenye kikombe cha chai. Afande Chubwa alifungua daftari la geti akaandika: "Saa nne na nusu, hakuna kilichotokea."

Akalia, yule mtoto, sauti kama ya kifaranga. Afande akaniangalia, nami nikamwangalia. Akaongeza mstari: "Tumbo la mama limenguruma."

Nami sitii chumvi; ndivyo ilivyoagizwa. Vilio vyote vya wodi yetu viliandikwa hivyo, na takwimu za mwaka ule zilionyesha wanawake wa nchi yetu wana matumbo yenye kunguruma kuliko wote duniani.

*

Sasa nieleze habari ya oksijeni, kwa kuwa hapo ndipo macho yalipoingia.

Njiti mapafu yake hayajakomaa, hivyo hupewa oksijeni. Lakini hupewa kwa kipimo, kama chumvi kwenye mchuzi. Sista Perpetua, nesi mkuu wetu, alikaa na hao watoto miaka ishirini, akijua kila mmoja anahitaji kiasi gani kwa kutazama midomo yake. Mkono wake haukukaa mbali na koki ya mtungi.

Siku ya kutimiza umri wake Mtimilifu alituletea mitungi mipya hamsini, kila mmoja una picha yake. Ilikuja na waraka kwamba koki zote zifunguliwe mpaka mwisho na zibaki hivyo, kwa kuwa Mtimilifu hatoi nusu. Bendi ilipiga. Wapiga picha walipiga. Walipoondoka tu, Sista Perpetua akapita kitanda kwa kitanda akipunguza.

Afande Chubwa alimkuta kitanda cha saba. Akauliza kwa sauti yake ile ya upole, nani amepunguza ukarimu wa Mtimilifu. Sista akasema ni yeye. Akaombwa aweke mkono juu ya kizingiti cha dirisha. Rungu lilishuka mara moja, vidole viwili vikavunjika, vile vile vya kuzungushia koki. Sista aliuacha mkono pale pale. Alisema, "Afande, oksijeni hii mnayoimwaga itawala watoto macho." Akavunjwa cha tatu kwa kuzungumza wakati wa adhabu.

Koki zikafunguliwa mpaka mwisho. Askari mmoja akawekwa kuzilinda mchana na usiku, na mtoto wa Hadia alikuwa chini ya mtungi wa pili kutoka mlangoni.

*

Nchi nzima ilikuwa na daktari mmoja tu anayejua kusoma macho ya njiti, Daktari Lwidiko. Alikuwa mfupi, kapigwa na jua, na lenzi yake aliibeba ndani ya soksi ili isikwaruzwe. Kila Alhamisi alikuja kwetu. Tangu sheria ipite alikuja kama mtu wa kusalimia, kwa kuwa hapakuwa na njiti wa kupima.

Hadia alimuuliza waziwazi ni kitu gani kinachoogopwa. Akamweleza kama unavyomweleza fundi. Nyuma ya jicho lipo pazia, na juu ya pazia hutambaa mishipa myembamba ya damu, ambayo humaliza safari yake mwezi wa tisa. Mtoto akitoka mapema, mishipa haijafika. Akimiminiwa oksijeni nyingi, husimama. Kisha huanza upya kwa fujo, huota ovyo kama miba, hulivuta lile pazia mpaka linabanduka ukutani. Likishabanduka hakuna wa kulishona.

"Kuna siku za kuliwahi?" Hadia akauliza.

"Nimtazame kabla siku thelathini hazijaisha. Nikikuta fujo imeanza, nina siku mbili, tatu, za kumchoma sindano ya dawa ndani ya jicho. Baada ya hapo, dada yangu, utanisamehe."

Mimi nilikaa eda miezi minne na siku kumi, kuhesabu siku najua. Tangu pale nikamhesabia mtoto yule kwa tasbihi, punje moja kila alfajiri.

Daktari aliandika barua Wizara ya Siku kuomba ruhusa ya kupima watoto wote wa wodi. Hakujibiwa kwa barua. Alikuja Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Tindwa, na saa mbili mikononi, moja kila mkono, na mtu wa kumbebea kalenda. Akina mama wakapangwa mstari, watoto vifuani, ngozi kwa ngozi ndani ya kanga, kama njiti wanavyotunzwa. Akakohoa.

"Waheshimiwa akina mama wajawazito," alisema, "nimefarijika kuona mimba zenu zinaendelea vizuri. Zipo fununu kwamba humu ndani wamo watoto. Nimetazama, sikuona. Fomu ya kupima macho inauliza umri wa mgonjwa. Huyu hapa, kwa mfano, umri wake ni wiki sita kabla ya sifuri. Daktari, unataka niweke muhuri juu ya mtu ambaye mwezi ujao atakuwa bado hajaanza? Mtakapojifungua rasmi, serikali itawapima wote, bure, kwa mpigo mmoja. Mwenye subira apige makofi."

Walipiga makofi, kwa kuwa askari walikuwa wamesimama nyuma yao. Punje yangu ilikuwa ya ishirini na mbili.

*

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya ishirini na nane. Asubuhi hiyo nilifua mashuka kumi na nne, nikaingia nayo wodini yakiwa yanachuruzika, nikayatundika kuzunguka kitanda cha Hadia. Askari wa koki akauliza kwa nini nayaanika ndani. Nikamwambia nje kuna vumbi. Mungu anisamehe, kulikuwa na matope.

Ndani ya mashuka Daktari Lwidiko alimtia mtoto matone ya kutanua mboni, akasubiri, akavaa taa yake kichwani, akaitoa lenzi ndani ya soksi. Kijichuma kidogo kilishika kope zisifunge. Mtoto alipiga kelele za kuumiza roho. Askari akauliza kuna nini humo. Hadia, aliyekuwa ameshika kichwa cha mwanawe kwa viganja viwili, akajibu tumbo linanguruma, na kalamu ya askari tukaisikia ikiandika.

Daktari alitazama jicho la kulia, akatazama la kushoto. Akazima taa. Fujo ilikuwa imeanza kote kuwili. Akasema siku tatu, na dawa yenyewe ipo kwenye friji la Wizara ya Siku lililowekwa hapa hapa hospitalini, ufunguo anao Bwana Tindwa, na Bwana Tindwa hatoi dawa bila fomu yenye muhuri.

Hadia alimrudisha mtoto kifuani. Maji yalidondoka. Ndipo Hadia aliposema maneno ambayo mpaka leo wanasheria hawajayajibu.

"Sheria yao inasema mwanangu bado yumo ndani yangu, na kilichomo ndani yangu ni mimi. Basi macho yake ni macho yangu. Daktari, andika Hadia, miaka ishirini na mitatu, anaumwa macho."

*

Bwana Tindwa aliipokea fomu kesho yake kwa furaha ya dhati. Alisema huyu ndiye mwananchi aliyeielewa sheria. Alikuwa ameshika muhuri, ameshaupulizia, alipokumbuka kanuni kwamba asiyeumwa hatibiwi. Akaagiza mgonjwa apimwe.

Afande Chubwa akampima. Alimsimamisha ukutani upande mmoja wa wodi, akamwambia asome maneno yaliyo chini ya picha ya Mtimilifu upande wa pili. Hadia alijitahidi kutosoma. Lakini akikosea anapigwa kwa kukosea jina la Mtimilifu, na mtoto alikuwa kifuani. Akasoma yote mpaka jina la mpiga chapa. Fundi cherehani macho yake ni kazi yake.

Mkurugenzi akasikitika sana. Akasema mgonjwa hana ugonjwa, na muhuri ukarudi kwenye kasha.

Hadia alimfungua mtoto kifuani, akanipa mimi. Akajifunga kanga vizuri. Akamgeukia Chubwa.

"Afande," akasema, "nitie ugonjwa."

Yule mtu alikuwa amepiga watu wa kila namna bila kuombwa, na kuombwa kukamchanganya. Alirudi nyuma hatua moja, akasema hajawahi kupokea amri kutoka kwa raia, anataka karatasi. Bwana Tindwa akaandika karatasi. Niliiona kwa macho yangu, maana aliegemeza mkono ukutani pale pale nilipokuwa nimesimama. Iliandikwa: "Mpige jicho moja. Ingawa fomu inasema macho, serikali yetu si katili."

Rungu lilipiga la kushoto. Sauti yake ilikuwa kama yai linaloanguka sakafuni. Hadia alipiga magoti, damu ikamjaa kiganjani, ikapita katikati ya vidole, ikafika kwenye mashuka yangu. Hakuanguka. Alinyanyua uso uliobaki akauliza kama sasa anaumwa.

Mkurugenzi akamwangalia kwa makini. Akasema ndiyo, sasa anaumwa, pole sana mama. Muhuri ukapiga, nao sauti yake haikupishana sana na ile ya rungu.

Dawa ililetwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Nilitundika mashuka. Askari walikuwa nje wakijiridhisha kwamba anayetibiwa ni Hadia, na kweli Hadia alilala kitandani, jicho limefungwa kitambaa, na juu ya kifua chake, ndani ya kanga, alikuwapo mgonjwa. Daktari alichoma la kulia. Akachoma la kushoto. Sindano ilikuwa nyembamba kama unywele wa mtu mzima. Alipotoka nje alitapika kwenye ndoo yangu, akaomba radhi.

Wiki moja baadaye alitazama tena ndani ya yale macho madogo. Mishipa ilikuwa imetulia. Tulimshukuru Mungu kwa kunong'ona. Mtoto alikuwa bado hajazaliwa, wiki nne zilikuwa zimebaki.

*

Huwezi kuificha habari kama hiyo kwenye wodi ya wanawake thelathini na wanane wanaolala pua kwa pua. Daktari alikuja siku iliyofuata na fomu thelathini na saba, kila moja ina jina la mama. Watoto hao walikuwa wamekaa chini ya koki zile zile, na wengine siku zao zilikuwa zimebaki za kuhesabu kwa mkono mmoja.

Bwana Tindwa aliitwa. Alipofika mlangoni alikuta mstari. Wanawake thelathini na saba walikuwa wamesimama mmoja nyuma ya mwenzake mbele ya Afande Chubwa, kila mmoja amejifunga kanga kiunoni, ameinua uso, amefumba jicho la kulia na kuliacha wazi la kushoto. Wa kwanza alikuwa mama wa pacha, aliyeuliza kwa adabu kama kwa watoto wawili itabidi atoe yote.

Mkurugenzi alihesabu mstari ule mara mbili. Jasho likamtoka. Akasema raia wanaokimbia kupigwa serikali inawajua, ina uzoefu nao. Lakini raia wanaopanga foleni wapigwe, hayo ni maandamano, tena bila kibali. Akatoa amri wapigwe wote, na akasisitiza mara tatu lisiguswe jicho hata moja, asije akapatikana mgonjwa.

Nimeona mengi, lakini ustadi wa siku ile sijauona tena. Vilivunjwa viwiko. Zilivunjwa mbavu. Mama wa pacha alipigwa mpaka masikio yakatoa damu, na askari aliyempiga alikuwa amemkinga macho kwa kiganja chake cha kushoto, kwa uangalifu, kama mtu anayemkinga mtoto na povu la sabuni. Sista Perpetua alijitupa juu ya vitanda na mkono wake wa bandeji. Mashine mbili za joto zilipinduliwa. Watoto walilia wote kwa pamoja, na karani wa kikosi, aliyekuwa pembeni, aliandika mingurumo mpaka karatasi ikaisha.

Daktari Lwidiko alikimbilia friji kuokoa dawa. Walimkuta amelikumbatia. Walilipiga friji risasi, naye akiwa hapo.

Taarifa ilisema alianguka kwenye ngazi. Hospitali yetu haina ghorofa, kwa hiyo wiki iliyofuata walikuja mafundi wakajenga ngazi, ili taarifa isiwe ya uongo. Ngazi inapanda mpaka juu ya paa na kuishia hapo. Mimi ndiko ninakoanika mashuka. Kila nikipanda namsomea Fatiha, ingawa alikuwa Mlutheri. Mungu atajua pa kuipeleka.

*

Sherehe ya Kuzaliwa Rasmi ilifanyika uwanja wa hospitali, mtoto wa Hadia akiwa na miezi minne kwa hesabu yangu na miwili kwa hesabu ya serikali. Mama yake alimwita Somoe, jina la bibi yake. Serikali ilimwita Timilifu wa Thelathini na Tisa.

Mtimilifu alikuja mwenyewe na nishani kubwa ya dhahabu kifuani. Alitembea akishikwa mkono na msaidizi, upande wa kushoto daima. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mtoto atainuliwa mbele yake, naye Mtimilifu atapeleka nishani kulia, atapeleka kushoto, na macho ya mtoto yataifuata, na hiyo ndiyo itakuwa ile huduma ya kupimwa macho tuliyoahidiwa. Bwana Tindwa alishika daftari la kuandika wanaoona.

Wa kwanza hakufuata. Macho yake yalitangatanga yakiwa meupe katikati. Wa pili hakufuata. Mtimilifu alijaribu kutabasamu, akapiga vidole, akasema huyu ana usingizi. Alipofika wa tisa tabasamu lilikuwa limekwisha, na wa kumi na mbili, jicho lake moja limezama na kuwa dogo kama punje ya kunde, hakugeuka hata alipoitwa kwa ukali.

"Nitazame," Mtimilifu akamwambia yule mtoto wa miezi miwili ya serikali.

Mtoto akatazama mbinguni. Mama yake akapigwa fimbo ya uso. Tangu hapo ilikuwa fimbo kwa kila mmoja, mstari mzima, na bendi iliagizwa kupiga kwa nguvu zaidi. Mtimilifu mwenyewe alikuwa akipiga na kuhema na kuuliza nani amewafundisha hawa dharau.

Hadia alikuwa wa mwisho. Nilikuwa nyuma yake na maji ya kunawa. Niliona mgongo wake umekakamaa, nami nikajua anachoogopa. Mtoto wake akiifuata ile nishani, wataulizana kwa nini huyu mmoja anaona, watahesabu nyuma, watayafikia mashuka, sindano na muhuri, na njia ya kufuta kosa la jicho linaloona wanaijua.

Mtimilifu akapeleka nishani kulia. Jua likaipiga, ikameta. Nilisoma Ayatul Kursiyu mpaka ulimi ukakauka.

Somoe aliitupia nishani jicho mara moja tu, kama mtu anayepita dukani bila haja ya kununua. Kisha akageuza shingo yake yote, akampa Mtimilifu kisogo, akamtazama mama yake usoni. Pale palipokuwa na jicho palikuwa na shimo lililoshonwa, na pale pengine palikuwa na jicho, na mtoto alitazama hilo jicho moja, akacheka.

Nishani ilikwenda kushoto, ilikwenda kulia, ilikwenda juu. Hakugeuka.

"Na huyu naye," akasema Mtimilifu. Hadia alipigwa fimbo mbili. Bwana Tindwa akaandika mbele ya namba thelathini na tisa: haoni. Halafu Bwana Tindwa naye akaangushwa chini na kupigwa mateke ya kichwa mpaka saa zake zote mbili zikasimama, kwa kosa la kulizalia taifa watoto wasiotazama.

*

Somoe ana miaka saba sasa. Kadi yake inasema haoni, na kwetu kadi haibishiwi. Sheria inasema asiyeona hawezi kuwa shahidi, hivyo askari hawaachi kupiga mtu anapopita yeye. Hupita. Huona. Alimwona Afande Chubwa nyuma ya gereza akimzika mtu ambaye mguu ulikuwa bado unacheza, na Afande alimsalimia, akamwonya, "Mjukuu wangu, angalia usijikwae," akaendelea na koleo. Mengi niliyowasimulia ya wakubwa nimeyapata kwake.

Juzi nilikwenda kwa Hadia kupeleka kanga ya kupinda. Nilipoingia tu mlango ulifungwa kwa komeo, kama kawaida ya nyumba ile. Somoe alikuwa ametoka uwanjani kwenye sherehe ya mwaka huu, ambako wasioona hukalishwa mbele kabisa, karibu na jukwaa, kwa kuwa hakuna wanachoweza kuona. Akaniambia, akiwa anakunja miguu kwenye mkeka:

"Bibi, yule Mtimilifu jicho lake la kushoto ni kama la Timilifu wa Kumi na Mbili. Limezama vile vile. Halioni."

Nilimwambia anyamaze. Kisha nikamkumbuka yule bibi wa watu aliyeapa mbele ya kamati na bandeji kichwani, nikahesabu miezi yake upya, nikaona haifiki tisa.

Hadia aliipokea kanga yangu. Kwa jicho moja kushona bado anashona, ila tundu la sindano halioni. Alimnyooshea mwanawe sindano na uzi. Somoe akaulowesha uzi mdomoni, akaupitisha mara ya kwanza tu, akamrudishia mama yake.

"Haoni, Bi Mize," Hadia akaniambia, akiiweka kanga yangu chini ya mashine. "Imeandikwa."